Jiwe Lililoshikwa na Homa

Jiwe halina homa. Hilo hata mtoto ambaye bado anahesabu kwa vidole analijua. Jiwe likiachwa juani hupata moto, likiwekewa sufuria hupata moto, lakini kushikwa na homa lenyewe, asubuhi ya Julai pale Kiptere, ukungu umelala juu ya majani chai na watu wanakamua ng'ombe wakiwa wamevaa kofia za sufu, hiyo haijatokea tangu milima iumbwe.

Kwa hivyo Chepkorir alipokuwa akipangusa jiwe lake la jikoni, lile jeusi la granaiti, na mkono wake ukafika karibu na sinki ukakuta mahali penye joto, alifanya jambo ambalo watu wenye akili hufanya wakikutana na kitu kisicho na akili. Alijifanya hajasikia. Akasukuma kitambaa mbele.

Na pale penye joto palikuwa na doa. Doa la mafuta, kubwa kama kiganja, mviringo upande mmoja, na upande wa pili lina kipande kidogo kilichojikunja kama mkono wa kikombe. Alilitoa kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, akakausha vizuri. Kesho yake likawa limerudi, pale pale, kama mgeni aliyesahau kofia.

Granaiti ni kama mama mkwe. Ukiipangusa kwa upole na kuikausha, mtakaa pamoja mpaka mzeeke. Ukiitia ukali, itakuonyesha. Chepkorir alijua hayo. Bonareri, yule mama wa Kisii aliyekuja na mafundi miaka mitatu nyuma kulipaka jiwe dawa ya kuziba vitundu, alikuwa amemwambia waziwazi: usitie siki, usitie ndimu, usitie jiki, na ukishika waya wa kusugulia sufuria karibu na hili jiwe, mimi na wewe tumekosana. Lakini mtu akiogopa husahau alichofundishwa. Siku ya tatu alitia siki. Siku ya nne ndimu. Ya tano akamwaga jiki mpaka macho yakatoa machozi. Jiwe lote likapoteza mng'aro, likawa na mabaka kama mtu aliyetoka ukurutu. Doa peke yake ndilo lililobaki liking'aa.

Na doa likaanza kunuka. Si harufu ya mafuta ya kupikia. Ilikuwa ile dawa ya kifua ya kwenye kikopo kidogo, yenye kamfa, ambayo mama humpaka mtoto shingoni na mashavuni akikohoa.

Hapo Chepkorir aliacha kujifanya. Alikaa chini, akaegemea kabati, akaziba mdomo kwa kile kitambaa chenye jiki, kwa sababu lile doa alikuwa amelijua tangu siku ya kwanza. Lilikuwa shavu. Ule mkono wa kikombe ulikuwa sikio.

*

Mtoto wake wa kwanza aliitwa Kipkemoi. Alikuwa na miaka minne, mtiifu kupita kiasi. Ukimwambia kaa, atakaa mpaka usahau kwamba ulimwambia. Julai ya miaka miwili iliyopita alishikwa na homa. Siku ya kwanza ilikuwa mafua tu, watoto wote wa Kiptere huwa na mafua Julai. Siku ya pili mama yake alimpaka dawa ya kifua. Siku ya tatu mtoto akavumbua kwamba jiwe la jikoni ni baridi. Alivuta kistuli chake, kikalia kwiiii kwenye saruji, akapanda, akalaza shavu juu ya granaiti na kufunga macho.

Chepkorir alikuwa akitarajia wageni wa kikundi cha kina mama. Alikuwa amepangusa jiwe likawa kama kioo.

"Toka hapo!" akamwambia. "Unachafua jiwe langu na hayo mafuta yako. Toka!"

Mtoto alishuka. Kabla ya kuondoka alipangusa doa kwa mkono wa sweta yake, akalifanya baya zaidi, akaenda zake kulala. Hakumwambia mama neno. Jioni alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda mlima mbio. Baba yake, Kimeli, dereva wa lori la majani chai, alimbeba juu ya magunia matupu kwenda hospitali, na walipofika, daktari alikuwa na kazi moja tu iliyobaki, ya kuandika.

Toka. Neno la mwisho alilompa mwanawe ni hilo. Watu huzikwa na nguo nzuri na nyimbo nzuri. Kipkemoi alizikwa na hilo.

Baada ya mazishi majirani waliacha kumwita Mama Kipkemoi. Walifanya kwa wema, wema wa kijinga, na alipojifungua mtoto wa pili wakafurahi, wakapata pa kushika: Mama Benard. Mama Benard hivi, Mama Benard vile. Kana kwamba yule wa kwanza alikuwa makosa ya kuandika.

*

Sasa sikiliza jambo ambalo Chepkorir hakumwambia mtu.

Kwa Wakipsigis mtoto akizaliwa, kabla hajapewa jina la kanisani, kina mama hukaa naye na kumwitia wazee wa ukoo waliokufa, jina moja baada ya lingine. Wanaita, wanangoja. Jina ambalo mtoto atapigia chafya, huyo ndiye mzee aliyekubali kuja kumlinda. Hiyo ndiyo kurenet. Na mtu haitwi hivi hivi. Huitwa mtu aliyekula miaka yake akashiba, akaacha watoto na wajukuu.

Siku ya Benard, mama yake Kimeli, ambaye nyumba nzima ilimwita Kogo, yaani nyanya, aliita kutoka asubuhi. Aliita wazee wa kwao wote. Mtoto alimtazama tu kama karani anayesubiri barua sahihi. Saa sita Kogo alitoka nje na wenzake kunywa chai na kupumzisha koo. Chepkorir akabaki peke yake na kile kitu kidogo mapajani. Akainama. Akanong'ona jina moja sikioni mwake.

"Kipkemoi."

Mtoto akapiga chafya.

Kogo aliporudi na kuanza tena, "Arap Mibei! Arap Mibei, njoo!", Chepkorir akasema haraka, "Amepiga, Kogo. Amepiga chafya kwa hilo." Kina mama wakapiga vigelegele. Hakuna aliyekuwa ameona. Mwongo mwenye kidonda haulizwi maswali.

*

Benard alikuwa na miezi mitano doa lilipoanza, na kadiri jiwe lilivyopata joto, mtoto alipoteza. Kwanza ilikuwa vidole vya miguu. Chepkorir alimvalisha soksi mbili. Halafu mikono. Halafu shavu la kushoto, baridi kama kifuniko cha birika la maziwa asubuhi. Nesi wa zahanati alimpima, akasema hana ugonjwa, aongezewe sweta. Mtoto hakulia. Alikohoa tu, na hicho kikohozi hakikuwa cha mtoto wa miezi mitano. Kilikuwa cha mtoto mkubwa anayejizuia asisumbue watu.

Na saa tisa mchana, mvua ya mawe ikianza kupiga mabati, jikoni kulisikika kwiiii. Kistuli kikivutwa kwenye saruji. Kistuli ambacho kilikuwa kimefungiwa stoo tangu siku ya mazishi.

Kimeli alisikia mara moja tu, na mara moja ilimtosha. Alimleta Pasta Duke.

Pasta Duke alikuwa mtu mwema mwenye sauti kubwa. Aliamuru jini la baharini litoke. Aliamuru jini la Mombasa, jini la sokoni na jini la wivu, akayataja yote, jasho likimtiririka. Kisha akafungua chupa ya mafuta ya upako na kuyamwaga juu ya jiwe ambalo siki ilikuwa imekwisha kulivua dawa. Jiwe likayanywa. Pasta aliacha doa la pili, kubwa kama sinia, akala mayai matatu, akaenda zake.

"Limetoka?" Kimeli aliuliza mlangoni.

"Limetoka," alijibu Chepkorir.

Alisema hivyo kwa sababu hakutaka litoke. Hilo ndilo lililokuwa ndani yake, na ni afadhali lisemwe. Siku zile, Kimeli akishaenda kazini, yeye alikuwa akipiga magoti mbele ya kabati na kulaza shavu lake juu ya lile doa lenye joto, harufu ya kamfa ikimwingia puani, na kukaa hivyo mpaka goti life ganzi. Nyuma yake, kwenye kikapu, Benard akizidi kuwa baridi. Aliona. Mama huona. Alikuwa na watoto wawili na blanketi moja, na kila asubuhi alijiambia kwamba atachagua kesho.

*

Bonareri alikuja Alhamisi, bila kuitwa, kwa sababu alikuwa na kazi nyumba ya jirani na alipenda kukagua mawe yake kama vile watu wengine hukagua ndama waliowauza.

"Mama Kipkemoi!" aliita kutoka uani. "Hodi! Jiwe langu linaendeleaje?"

Chepkorir alishika mlango. Hakuna mtu aliyekuwa amemwita hivyo kwa miaka miwili.

Bonareri aliingia, akaona, akaweka ndoo chini. "Nyasae one, Mungu wangu! Nani amefanya hivi? Umelipiga siki? Na hii ni nini, mmekaanga chapati juu yake bila sufuria?"

"Ni mafuta ya pasta."

"Pasta anatoa pepo kwa jiwe? Haya. Hayo yatatoka." Alichovya kidole kwenye maji na kuanza kudondosha matone, moja huku, moja kule, kuona ni wapi jiwe bado limeziba na wapi linakunywa. Mwisho wa jiwe matone yalisimama mviringo kama shanga. Penye siki yalizama polepole. Alipofika karibu na sinki, tone liligusa lile doa, likafanya tss, mvuke ukapanda.

Bonareri aliweka kiganja chake pale. Akakitoa haraka. Akakirudisha, akakiacha, kama anavyofanya mtu aliyelea watoto sita.

"Hii ni homa," alisema kwa sauti ya chini. "Mama Kipkemoi, kijana wako yuko wapi?"

Chepkorir alitazama kikapu. Bonareri naye akatazama, akaenda, akamwinua Benard, na uso wake ukabadilika. Mtoto alikuwa mzito na baridi kama jiwe lililotolewa mtoni. Midomo yake ilikuwa rangi ya zambarau.

"Kogo!" Bonareri alipiga kelele dirishani. "Kogo, njoo! Wacha hiyo ng'ombe!"

Mbingu ilikuwa imefunga. Tone la kwanza la mvua ya mawe liligonga bati, tak, halafu la pili, halafu yote.

Kogo aliingia na maziwa bado mikononi. Hakuuliza mengi. Aligusa mtoto, akagusa jiwe, akamgeukia mkaza mwanawe.

"Uliita nani?"

"Kogo..."

"Nilikuwa nje nikinywa chai. Uliita nani?"

"Nilimwita Kipkemoi." Chepkorir alitazama lile doa. "Nilitaka tu kumwambia pole. Sikupata nafasi ya kumwambia pole."

Yule mama mzee alifumba macho. "Mtoto mjinga," alisema, na haikujulikana ni nani kati ya watoto waliokuwa mle ndani. "Mzee akiitwa hukaa mlangoni akalinda. Mtoto akiitwa hakai mlangoni. Huingia kitandani na mwenzake, akavuta blanketi. Hana ubaya. Anasikia baridi tu."

"Mwite mwingine, Kogo. Mwite Arap Mibei."

"Nitamwita, aingie wapi? Kitanda kimejaa. Wewe ndiye ulimwita, wewe ndiye utamwambia aende. Mimi hanisikii. Pasta hakumsikia. Fanya haraka, huyu anaenda."

Kwiiii, kikalia kistuli. Wote watatu walikisikia, kikitoka upande wa stoo, kikipita miguuni mwao ambapo hapakuwa na kitu, kikasimama chini ya jiwe; harufu ya kamfa ikajaa jikoni mpaka macho yakawasha, na juu ya granaiti lile doa likatanuka polepole, kama shavu linavyotanuka mtoto akilala usingizi mzito, na lilivyokuwa likitanuka Benard alitoa pumzi moja ndefu mikononi mwa Bonareri, na ile ya kufuata ikakawia, ikakawia.

"Kipkemoi wangu," Chepkorir alinong'ona, amepiga magoti. "Mwanangu mzuri. Mama anakupenda. Nenda sasa, eh? Nenda polepole, baba yangu, nenda ukapumzike..."

Jiwe likazidi moto. Maji ya kwenye kitambaa chake yakaanza kutoa mvuke.

"Unamwambia aende ama unambembeleza alale?" Kogo alimfokea. "Kuna mtoto anayeongeleshwa hivyo na mama yake akaondoka? Chepkorir! Wewe unajua alivyokuwa. Alikuwa anatii nini?"

Chepkorir alijua. Alikuwa amelijua tangu asubuhi ile ya kwanza, na ndiyo maana alikuwa ametia siki, na ndimu, na jiki, na kumruhusu pasta apige kelele, na kudanganya kwamba limetoka, yote hayo ili asifikishwe mahali hapa, mbele ya jiwe hili, na neno hilo mdomoni. Alisimama. Alipangusa uso. Akaweka mikono kiunoni kama alivyoiweka siku ile.

"Toka hapo," alisema.

Sauti haikutosha. Aliimeza, akaitoa tena.

"Toka hapo! Unachafua jiwe langu na hayo mafuta yako. Toka!"

Kukawa kimya, ila mvua. Kisha wakasikia sufu ikisuguliwa juu ya jiwe, fyu, fyu, fyu, mara tatu. Mkono wa sweta. Alikuwa akipangusa. Kisha nyayo ndogo, zisizo na haraka, zikatoka jikoni, na mlango wa nyuma ukafunguka na kujifunga taratibu, kama anavyofunga mtoto aliyefunzwa adabu.

Chepkorir alikimbilia mlango. Uwanja wote ulikuwa mweupe kwa mvua ya mawe, mweupe mpaka kwenye mistari ya chai, na hapakuwa na alama hata moja ya mguu. Alikuwa hana uzito tena. Hilo ndilo lililomwangusha chini. Nyuma yake Kogo alikuwa amekwisha kuanza, kwa sauti kavu ya mtu mwenye kazi: "Arap Mibei! Baba yake baba, njoo. Arap Mibei!" Na kati ya mwito wa nne na wa tano mtoto alipiga chafya, akafungua mdomo, akalia kwa hasira kama mtoto wa kawaida aliyevalishwa sweta tatu.

*

Bonareri hakuenda kwao siku ile. Alikoroga magadi soda na maji mpaka yakawa kama uji mzito, akayapaka juu ya madoa yote mawili, akafunika kwa karatasi ya nailoni na kuibandika pembeni. "Tope hili likikauka linavuta mafuta kutoka ndani," alieleza, kwa sababu mtu wa kazi akiogopa hueleza kazi. Kesho yake alilikwangua kwa mwiko wa mbao. La pasta lilitoka. La shavu lilitoka pia.

"Limetoka?" Chepkorir aliuliza.

"Limetoka."

"Lote?"

"Lote, mama."

Chepkorir aliweka kiganja. Baridi. Akakiacha pale muda mrefu, na Bonareri akajifanya anatafuta kitu kwenye ndoo.

Ule unga Kogo aliukusanya kwenye gazeti akaumwaga mbali, chini ya michai. Jiwe likapakwa dawa upya. Benard akanenepa. Miaka mitatu Chepkorir alilipangusa jiwe lile kila asubuhi kama alivyofundishwa, maji ya uvuguvugu, tone la sabuni, kitambaa kikavu, na kila asubuhi halikuwa na kitu. Jambo ambalo hakuwahi kumwambia Kogo ni kwamba alikuwa akilitazama kwanza kabla ya kupangusa.

Wala hakumwambia Benard habari za kaka yake. Picha alizificha. Kistuli Kimeli alikichoma.

Mwaka huu, Julai, Benard alishikwa na mafua. Siku ya pili mama yake alimpaka dawa ya kifua. Alikuwa akikatakata sukuma wiki alipogeuka na kumwona mtoto amepindua ndoo, amepanda juu yake, amesimama mbele ya jiwe. Hakuwa ameweka shavu bado. Alikuwa amevuta mkono wa sweta mpaka kwenye vidole na alikuwa akijisugua uso, polepole, kwa makini, upande huu na upande ule, fyu, fyu, fyu.

"Benard," alisema Chepkorir. Kisu kilikuwa kimemtoka mkononi. "Unafanya nini?"

"Nimepangusa mafuta yote, mama," alisema mtoto. "Sitachafua."

Akalaza shavu juu ya jiwe.

Chepkorir hakumwambia atoke. Alimwacha hapo kwa muda wa pumzi tatu, akizihesabu. Kisha alimwinua, akamfunga mgongoni kwa leso, akatoka mbio kwenda barabarani kutafuta gari la hospitali, mlango wazi, sukuma nusu, jiko likiwaka. Doa lililoachwa na shavu alilipita bila kulitazama. Lilikaa pale wiki nzima, hata baada ya Benard kurudi mzima, na kila aliyekuja na kitambaa, Kimeli, Kogo, hata Bonareri mwenyewe, Chepkorir alimfukuza jikoni kwa mwiko.